Turbo Haifi Peke Yake

Hakuna kifaa cha lori la dizeli kinachohukumiwa haraka kama turbo, kwa kuwa lori likianza kutoa moshi wa buluu, au likiishiwa nguvu mlimani, au likipiga mluzi ambao haukuwapo wiki iliyopita, kidole cha kwanza huelekezwa huko, na hukumu inayofuata karibu kila mara ni moja: ing'olewe, inunuliwe nyingine. Kwa mmiliki wa Canter au Fuso iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu au wanne, neno "nyingine" halina maana ya mpya, bali ya turbo iliyotumika, iliyoshushwa kwenye kontena pamoja na injini nusu na gia boksi kutoka ng'ambo, ikasuguliwa kwa petroli na kupuliziwa rangi ya fedha, kisha ikapangwa mezani Gerezani jijini Dar es Salaam au katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Makala haya yanashikilia kwamba turbo ya namna hiyo, ikifanyiwa matengenezo kwa vipimo, ni chaguo halali na mara nyingi la busara kwa lori la umri huo. Yanashikilia vilevile kwamba turbo nyingi zinazofungwa kwa njia hiyo hufa tena mapema kwa sababu zilezile zilizoua ya kwanza, nazo ni sababu zinazobaki ndani ya injini wakati maiti imekwisha kutupwa kwenye lundo la chuma chakavu.

Turbo, kwa maelezo mafupi, ni pampu ya hewa inayoendeshwa na moshi. Moshi wa moto unaotoka kwenye silinda hupitishwa katika kasha la chuma lililojipinda kama konokono, ukazungusha gurudumu la turbini, yaani gurudumu lenye mapanga ambalo mafundi wengi huliita feni ya moshi. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti moja na gurudumu la pili, la aluminiamu, lililo ndani ya kasha la kompresa, ambalo kazi yake ni kuvuta hewa safi kupitia filta na kuishindilia ndani ya injini, ili kila silinda ipate hewa nyingi kuliko ile ambayo pistoni ingeweza kuivuta yenyewe. Hewa ikiongezeka, dizeli inayoweza kuungua kikamilifu huongezeka, na nguvu huongezeka bila injini kuwa kubwa zaidi. Mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi ndiye aliyeliwekea wazo hilo hataza mwaka 1905, akiwa ametambua kwamba sehemu kubwa ya nishati ya mafuta hutupwa nje kwa bomba la moshi. Ilichukua karibu miaka 20 kabla ya wazo hilo kufungwa katika injini za meli za abiria za Ujerumani, na mwaka 1938 kampuni ya Saurer, ya Uswisi vilevile, ikalipeleka kwenye injini ya lori.

Barabara za Afrika Mashariki zinaifanya fizikia hiyo ionekane kwa macho. Injini isiyo na turbo inayoondoka Mombasa, ikifika Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, huvuta hewa iliyopungua uzito kwa takriban asilimia 16, na ikiendelea hadi Timboroa, penye zaidi ya mita 2,700, upungufu huo hukaribia robo nzima. Pampu ya dizeli ya kizamani haijui lolote kuhusu mwinuko, kwa hiyo humimina kiasi kilekile ilichomimina pwani, na ile dizeli inayokosa hewa ya kuunguzwa hutoka nyuma kama wingu jeusi. Ndiyo maana kwenye mpando wa Kitonga, katika barabara kuu ya kuelekea Iringa, malori mawili ya kampuni moja yenye mzigo unaolingana yanaweza kuachana kwa umbali ambao dereva wa lori la nyuma huona haya kuusimulia, mradi moja liwe na turbo nzima na jingine liwe na turbo mbovu au lisiwe nayo kabisa.

Ugumu wa kazi ya turbo umo katika kasi yake. Shafti ya turbo ya lori dogo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ilhali injini yenyewe haifiki mara 4,000. Gurudumu la kompresa lenye kipenyo cha milimita 60, likizunguka mara 120,000 kwa dakika, huzipeleka ncha za mapanga yake kwa takriban mita 377 kwa sekunde, kasi inayopita ile ya sauti. Athari ya jambo hilo kwa fundi inaweza kupimwa kwa punje moja ya mchele: punje yenye uzito wa gramu 0.025, ikinata kwenye gurudumu umbali wa milimita 20 kutoka katikati, huzaa, kwa kasi ya mizunguko 100,000, kani inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 5, tena kani inayoivuta shafti pande zote mara 1,600 na zaidi katika kila sekunde. Tabaka la masizi lililoachwa kwenye panga moja, au panga lililonyooshwa kwa koleo baada ya kupinda, au alama iliyochongwa kwa tupa ili kuondoa jino, yote hayo ni punje za mchele, na mara nyingi ni zaidi ya moja.

Kinachoiwezesha shafti kuvumilia kasi hiyo ni oili. Katika turbo nyingi za malori ya zamani hakuna beringi za gololi. Shafti huelea ndani ya bushi mbili, na bushi zenyewe huelea ndani ya kasha la kati, huku utando wa oili wenye unene wa sehemu chache za mia za milimita ukizuia chuma kisiguse chuma. Oili hiyo huingia kwa presha ya injini kupitia bomba jembamba la juu, hupita kwenye bushi, hubeba joto, kisha huanguka kwa uzito wake wenyewe kupitia bomba pana la chini na kurudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Tofauti ya mabomba hayo mawili ndiyo habari nzima ya turbo, na inasikitisha kuona linavyotendewa hilo la chini.

Wengi hudhani kwamba ndani ya turbo kuna sili ya mpira inayoziba oili kama kizibo kinavyoziba chupa. Haipo. Kila upande wa shafti una pete nyembamba ya chuma, mfano wa ringi ya pistoni, iliyokaa kwenye mfereji wake, na kazi yake hutegemea mambo mawili: presha ya moshi au ya hewa inayosukuma kutoka nje, na oili iliyo ndani kuondoka upesi bila kutuama. Bomba la kurudisha oili likiziba nusu kwa masizi, au likikunjwa ili lipishane na bomba jingine, au likiingia kwenye sampu mahali palipo chini ya kimo cha oili, oili hujaa katika kasha la kati na kutafuta njia kwenye pete hizo, hata kama turbo imetoka kiwandani jana. Hali ni hiyohiyo injini ikichakaa ringi za pistoni, kwa kuwa gesi za mlipuko hupenya hadi kwenye sampu na kuisukuma oili isishuke; na filta ya hewa ikiziba, kompresa huvuta kwa nguvu hata ikaifyonza oili kutoka kwenye pete ya upande wake. Katika hali zote tatu lori hutoa moshi wa buluu, fundi hutamka kwamba sili za turbo zimekufa, mmiliki hununua turbo nyingine, nayo huanza kuvuja kabla stakabadhi haijapotea.

Uvujaji huo una hatari inayozidi hasara ya fedha. Injini ya dizeli huwasha chochote kinachoungua kinachoingia katika silinda zake, na oili inayomiminika kwa wingi kutoka kwenye turbo hadi kwenye njia ya hewa ni mafuta kama mafuta mengine. Injini inaweza kuanza kukimbia yenyewe, ikipandisha kasi bila mtu kukanyaga pedali, wala kuzima kwa ufunguo au kuvuta waya wa kuzimia hakusaidii, kwa sababu inachochoma hakitoki tena kwenye pampu. Njia ya kuizima ni kuinyima hewa kwa kuziba mdomo wa bomba la kuvutia kwa ubao au bamba imara, na kamwe si kwa kiganja cha mkono.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kufunga turbo iliyotumika haifanyiki sokoni, inafanyika kwenye turbo iliyokufa, ambayo ikifunguliwa husema yenyewe ilivyokufa. Shafti iliyogeuka rangi ya buluu iliungua kwa kukosa oili, na mkosaji hutafutwa kwenye bomba la juu, kwenye pampu ya oili au kwenye tabia ya kukanyaga mafuta injini ikiwa bado baridi. Shafti na bushi zenye mikwaruzo ya mviringo, zisizo na dalili ya kuungua, zilisagwa na uchafu, na uchafu huo hutokana na filta ya oili iliyochelewa kubadilishwa, au na oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa ambalo hakuna ajuaye lilikuwa na nini kabla. Mapanga ya kompresa yaliyolika kingo zake yakawa laini kama kisu cha zamani ni kazi ya vumbi lililopita kwenye filta iliyotoboka, na katika barabara za vumbi filta hutoboka mara nyingi kwa sababu hupulizwa kwa upepo wa kompresa ya gereji kila wiki hadi karatasi yake inapasuka bila kuonekana. Mapanga ya upande wa moshi yaliyong'atwa yanaeleza kwamba kipande cha valvu, cha ringi au cha manifoldi kilipita hapo, na yeyote anayefunga turbo nyingine kabla ya kujua kipande hicho kilitoka wapi anapaswa kutarajia kipande cha pili.

Sokoni nako kuna desturi inayohitaji kupingwa, ile ya muuzaji kuishika ncha ya shafti kwa vidole viwili, kuitikisa mara mbili, kuizungusha ikalia taratibu, na kutangaza kwamba "hii bado ngumu". Kidole hakiwezi kupima. Shafti inayoelea lazima icheze kidogo ubavuni ikiwa haina oili, kwa hiyo turbo nzima huonekana legevu kwa asiyejua, wakati ile iliyojaa oili nzito au masizi hujifanya ngumu. Kipimo chenye maana zaidi ni cha kusukuma na kuvuta shafti kwa urefu wake, ambako turbo nyingi za ukubwa huu huruhusu kati ya milimita 0.03 na 0.10 hivi, mpaka halisi ukitolewa na kitabu cha turbo yenyewe. Tofauti kati ya turbo ya kufunga na turbo ya kutupa inaweza kulingana na unene wa unywele, na hupimwa kwa kipimo chenye uso wa saa ambacho wauza vipuri wachache sana hukiweka mezani. Mnunuzi asiye na kipimo hicho anaweza angalau kuangalia kama ncha za mapanga zimewahi kugusa kasha, kwa kuwa mkwaruzo ung'aao ndani ya kasha ni ushahidi usiofutwa na rangi ya fedha, na kutazama kwa tochi ndani ya kasha la moshi kama kuna ufa unaotoka ndani hadi nje. Bamba la namba nalo lisomwe kabla ya bei kutajwa. Turbo mbili zinazofanana kwa umbo na matundu ya bolti zinaweza kuwa za injini tofauti kabisa, na ile iliyo kubwa mno kwa injini yake huchelewa kushika, ikaacha lori likitoa moshi mweusi hadi mwendo ukolee.

Matengenezo yenyewe si uchawi, lakini yana nidhamu ambayo gereji ya uani huivunja mahali palepale kila mara. Kabla ya kufungua, alama huwekwa kwenye ncha ya shafti, kwenye nati na kwenye gurudumu la kompresa, ili vitu hivyo virudi katika mkao vilioupata kiwandani. Nati hiyo kwa turbo nyingi hufunguka kwa kuzungushwa upande wa kinyume na ule uliozoeleka, na wapo waliokata shafti kwa kulazimisha. Hata wakati wa kukaza, spana haitakiwi kuivuta shafti ubavuni, kwa sababu mpindo usioonekana kwa jicho unatosha kuharibu kila kitu. Masizi ya oili yaliyogandamana ndani ya kasha la kati huloweshwa kwenye dawa na kuondolewa taratibu, si kwa brashi ya waya wala kwa kupuliza mchanga, na vijitundu vya oili huhakikiwa kimoja kimoja kwa mwanga. Bushi, pete za shafti na beringi ya msukumo, ile inayozuia shafti isiende mbele na nyuma, hubadilishwa zote kwa pamoja kutoka kwenye seti ya vipuri vya matengenezo. Fundi anayerudisha bushi ya zamani kwa sababu inaonekana nzuri amefanya kazi ya kusafisha na kulipwa ya kutengeneza.

Kisha inakuja balansi. Turbo iliyokusanywa inapaswa kuzungushwa kwenye mashine inayosoma mtikisiko wake na kuonyesha ni wapi sehemu ya uzito ipunguzwe. Mashine ya namna hiyo ni ghali kwa fundi mmoja mmoja, na hapo ndipo lawama zinazoelekezwa kwa mafundi zinapopaswa kugawanywa upya, kwa kuwa haieleweki ni kwa vipi nchi zinazobeba sehemu kubwa ya mizigo yake kwa malori ya dizeli ziache kifaa cha kuyahudumia kiwe siri ya karakana chache za miji mikubwa. Chuo cha ufundi stadi cha VETA cha mkoa, chenye mashine moja inayokodishwa kwa saa, kingewatosha mafundi wa wilaya kadhaa na kingewafundisha wanafunzi wake kitu ambacho chaki haiwezi kukifundisha. Hadi hilo litokee, anayenunua katriji mpya, yaani kasha la kati likiwa na shafti na magurudumu yaliyokwisha kusawazishwa, na kuifunga ndani ya makasha yake ya zamani, mara nyingi amechagua vizuri kuliko anayejaribu kufufua shafti yenye shaka.

Wakati wa kufunga, gundi ya silikoni haina nafasi kwenye mabomba ya oili. Kipande chake kinachokatika hupelekwa moja kwa moja kwenye kijitundu cha bushi, na turbo iliyogharimu mshahara wa miezi kadhaa huuawa na kitu chenye ukubwa wa punje ya mtama. Bomba la juu libadilishwe au lisafishwe hadi ndani. Bomba la chini lishuke karibu wima, lisiwe na kiwiko kinachopanda, na lisipunguzwe upana kwa sababu tu mpira uliopatikana dukani ulikuwa mwembamba, kwani oili inayotoka kwenye bushi imejaa povu na inahitaji nafasi mara kadhaa ya ile iliyoingia. Mabomba ya hewa kati ya turbo na injini yafunguliwe na kumwagwa oili iliyotuama kutoka kwa marehemu. Kabla injini haijawashwa, oili safi humiminwa kwa mkono kwenye tundu la juu la turbo huku shafti ikizungushwa kwa kidole, kisha injini huzungushwa kwa stata bila kuruhusiwa kuwaka, hadi oili ionekane ikitoka kwenye bomba la chini. Sekunde chache za mwanzo bila oili zinatosha kuandika rangi ya buluu kwenye shafti mpya.

Swali jingine ni la wale wanaotaka kuipa turbo injini ambayo haikuzaliwa nayo, na jibu lake la uaminifu linapatikana kwa kutazama walichokifanya watengenezaji. Injini mbili za Canter za ukoo mmoja, 4D33 isiyo na turbo na 4D34 iliyotolewa pia na turbo, zina mwendo wa pistoni ulio sawa wa milimita 115. Lakini kipenyo cha silinda ni milimita 108 kwa ile ya kwanza na milimita 104 kwa ya pili, hivyo ujazo ukashuka kutoka sentimita za ujazo 4,214 hadi 3,907. Silinda nyembamba huacha chuma kingi zaidi kuizunguka, na hicho ndicho presha ya turbo hukitaka, pamoja na pistoni imara zaidi na njia bora za kuzipooza. Anayefunga turbo juu ya injini isiyo na maandalizi hayo anaweza kufaulu akijizuia: presha ya nyongeza isizidi nusu ya ile ya anga, dizeli isiongezwe kwa pupa, na kipimajoto kiwekwe kwenye manifoldi ya moshi ili joto lisivuke takriban nyuzi 700. Akitaka zaidi ya hapo, hewa yenyewe itamsumbua, kwa kuwa hewa ya nyuzi 30 ikishindiliwa kwa asilimia 70 juu ya presha ya anga hutoka kwenye kompresa ikiwa na joto la karibu nyuzi 100, na bila intakula, yaani rejeta ya kupoozea hewa, sehemu ya faida hupotea na pistoni hubeba mzigo wa joto. Wengi hawajizuii. Skrubu ya pampu huzungushwa siku ya kwanza kwa sababu utamu wa nguvu hauna breki, na gasketi ya silinda hedi huja kulipa baadaye.

Biashara hii ingebadilika sana kama desturi moja tu ingeanza, ya kila turbo iliyotengenezwa kuuzwa na karatasi yenye namba ya bamba, kipimo cha kucheza kwa shafti, vipuri vilivyobadilishwa na jina la aliyeifanya kazi, na kila mfungaji kuandika kwenye karatasi hiyohiyo chanzo cha kifo cha ile ya zamani. Wauzaji wengine watasema mteja hataki karatasi, anataka bei. Lakini mteja huyohuyo hudai kadi ya gari na kuichunguza mihuri yake kabla ya kulipa, kwa hiyo anajua kabisa thamani ya maandishi.

Kifo kinachobaki ni cha kila siku, na hakihusiani na gereji. Lori lililomaliza mpando likiwa na mzigo, likasimama kando ya migahawa na kuzimwa papo hapo, huacha turbini yenye joto la mamia ya nyuzi bila oili inayopita, na oili iliyobaki kwenye bushi huungua na kuwa masizi magumu ambayo kesho yake yatakwaruza shafti. Injini ikiachwa ikinguruma taratibu kwa dakika mbili au tatu, joto hushuka na oili hubaki oili. Wamiliki wengine huwakataza madereva jambo hilo kwa hoja ya kubana matumizi ya mafuta, ingawa dizeli inayotumiwa na injini ya ukubwa huo katika dakika hizo tatu haizidi sana ujazo wa kikombe kimoja cha kahawa ya kijiweni.